Mchimba Kisima Ameingia Mwenyewe

Wapo wanaosema kwamba siku hizi mfanyakazi hana haja tena ya chama, maadamu ana simu mfukoni. Akidhulumiwa, wasema, atabonyeza kioo na wakili atamjia. Maneno hayo ni matamu masikioni, na kwa sababu hiyo yafaa tuyapime. Tuyapimie Marekani, ambako jambo lenyewe limekwisha kujaribiwa.

Kwa miaka mingi sheria za nchi hiyo zimewaruhusu watu wengi waliopatwa na dhuluma moja kufungua kesi moja kwa ajili ya wote. Mnyonge aliyepunjwa dola 100 hawezi kuajiri wakili kuzidai. Lakini wanyonge 10,000 waliopunjwa kiasi hicho ni watu wa kuogopwa. Wenye makampuni walilijua hilo, wakalitafutia dawa. Katika mikataba yao, kwa maandishi madogo ambayo ni wachache wayasomao, walitia sharti kwamba mwenye malalamiko asiende mahakamani, bali aende kwa msuluhishi, tena aende peke yake. Mwezi Mei, 2018, Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba waajiri wanaweza kuwafunga wafanyakazi kwa sharti hilo. Kamba ya ufagio ilikatwa, na njiti zikatawanyika.

Lakini mchimba kisima huingia mwenyewe. Katika mikataba hiyohiyo makampuni yalikubali kulipa sehemu kubwa ya ada ya kila shauri. Hawakuona hatari, kwa kuwa hawakutazamia kwamba watu wangekuja. Mawakili wakauona mlango huo. Walitangaza katika mitandao. Mlalamikaji akajaza fomu katika simu yake, akatia sahihi kwa kidole, na kompyuta zikaandika maelfu ya mashauri, kila moja kwa jina la mwenyewe, kazi ambayo zamani ingehitaji jeshi la makarani.

Mwishoni mwa mwaka 2018, madereva 12,501 wa Uber walikuwa wamedai usuluhishi, kila mtu peke yake, kama mkataba ulivyoagiza. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilitangaza mapatano ya kumaliza madai ya walio wengi kati ya madereva zaidi ya 60,000, kwa jumla ya dola milioni 146 hadi 170. Mwezi Februari, 2020, Jaji William Alsup wa San Francisco aliiamuru DoorDash, kampuni ya kupeleka vyakula majumbani, ikubali usuluhishi na wachukuzi 5,010. Ada peke yake ilizidi dola milioni 9. Kampuni ile iliyowakataza watu wake kushtaki kwa pamoja ilikuwa sasa yataka wachanganywe katika kesi moja! Jaji hakuacha kuwaonyesha kinyume hicho. Nayo Amazon, baada ya kupokea madai zaidi ya 75,000 ya wateja, ililifuta sharti la usuluhishi mwaka 2021.

Je, basi, ni mashine iliyoshinda? Hasha! Katika shauri lilelile la DoorDash, mamia ya wachukuzi waliachwa nje kwa kuwa hati zao hazikutosha. Jina katika orodha si ushahidi. Tena mapatano ya namna hii hufanywa faraghani, wala hayaachi hukumu ya mahakama itakayomkinga mfanyakazi wa kesho. Tena orodha yenyewe i mikononi mwa wakili: walioandikwa hawajuani, hawakukutana, wala hawakumchagua msemaji wao. Na makampuni hayakulala. Mikataba mingi mipya yaagiza kwamba mashauri yakiwa mengi, yasikilizwe machache kwanza, na wengine wangoje. Asiye na chama atangoja na nani?

Hapa karibu nasi, Nairobi, twaona njia nyingine. Mwaka 2023 wafanyakazi zaidi ya 180, ambao kazi yao ilikuwa kuchuja picha na maneno maovu ya Facebook, waliishtaki Meta pamoja na makampuni yaliyowaajiri kwa niaba yake. Siku ya Mei Mosi mwaka huohuo, wafanyakazi wa kazi hiyo zaidi ya 150 walikusanyika katika mji huo na kupiga kura ya kuunda chama chao. Meta ilidai kwamba haiwezi kushtakiwa Kenya. Mwezi Septemba, 2024, Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba yaweza. Watu hao waishi kwa mashine. Hata hivyo walionana uso kwa uso.

Hatuipingi simu. Ni chombo kizuri, na chombo hufuata mkono wa mwenye nacho. Lakini kukusanya majina ni kazi ya siku moja, na kujenga umoja ni kazi ya kila siku. Kwa hiyo twawaambia ndugu zetu wafanyakazi: usitie kidole kabla ya kusomewa mkataba. Tunza hati ya mshahara, ya zamu na ya kila kato. Likitokea jambo, lipeleke tawini kabla ya kulipeleka mtandaoni. Siku wakili atakapokuja, atukute tumekwisha kuwa kitu kimoja, tukiwa na msemaji tuliyemchagua wenyewe.