Sanduku Tupu Mwezi wa Januari

Neno la butura limekwisha kukemewa sana, na wakuu wa serikali na wahubiri mimbarini, wala halikomi. Sisi twadhani kwamba lawama imeelekezwa upande mmoja tu.

Kila mtu wa Kemondo ajua jinsi mambo yenyewe yalivyo. Mwenye kibanja hupatwa na haja ya fedha, na kahawa yake ingali maua, au mbichi mtini. Humwendea mwenye fedha, akapewa kidogo. Mavuno yajapo, kahawa si yake tena. Tuseme alipewa shilingi 20,000 kwa kahawa ambayo wakati wa mavuno ingalimletea 40,000: basi kwa miezi 5 ametozwa shilingi 100 kwa kila 100. Naye mkopeshaji husema amemsaidia jirani. Naam, na baadhi ya wasaidizi hao huketi viti vya mbele kanisani! Na wasome Nehemia sura ya 5, waone ni nani waliokemewa kwa kushika mashamba ya ndugu zao wakati wa njaa.

Walakini, kwa nini mtu aende huko, na vikundi vya kuweka na kukopa vipo vijijini mwetu? Vikundi hivi, ambavyo mfano wake ulianzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, vina taratibu njema: hisa hununuliwa mbele ya wote, sanduku lina kufuli 3, na funguo hushikwa na watu 3 mbalimbali. Tena faida ya mkopo haitoki nje. Huwarudia wanachama wenyewe.

Kosa ni mwezi wa kugawana. Vikundi vingi huvunja sanduku Desemba, ili watu wapate nyama na nguo za Noeli, na wana watokao Mwanza na Dar es Salaam wapokelewe kwa heshima. Hatuichukii Noeli. Lakini Januari shule hufunguliwa, na watoto huja bila daftari. Sanduku li tupu, hisa mpya ni chache, na kahawa haiivi kabla ya Mei. Katikati hapo ndipo mnunuzi wa butura apitapo, wala hana haja ya kupiga hodi mara mbili.

Basi twasema, sanduku livunjwe Septemba, kahawa ikiisha kuuzwa, na kuweka kuanze upya papo hapo, fedha zingalipo mikononi. Januari ikifika, pana akiba ya miezi 4 ya kukopeshana. Tena mkopo wa miezi 3, kama ilivyo desturi ya vikundi vingi, haumfai mtu wa kahawa hata kidogo. Aliyekopa Januari hudaiwa Aprili, naye hukimbilia butura ili alipe deni la kikundi chake mwenyewe! Huyo angojewe hata Julai.

Wengine watanung'unika kwa ajili ya sikukuu. Hao na waweke mfuko mdogo wa Noeli mbali na sanduku, wenye kufuli yake.