Tukihamisha Nyasi Bahari, Tulinde Mizizi Yake



Kule Wasini, kusini mwa Kwale, wavuvi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, wamekuwa wakishirikiana na watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, kurudisha nyasi bahari mahali zilipotoweka. Ni kazi ya kuigwa, na ninafurahi kuona vijiji vingine, mahoteli na vikundi vya vijana vikitaka kuianza. Kwa hiyo naomba tuelewane mapema juu ya jambo moja: tunapohamisha nyasi hizi, cha kwanza kutunzwa kiwe mizizi.

Nyasi bahari si mwani. Mwani hauna mizizi ya kweli. Hujishikiza kwenye jiwe au kamba na kufyonza chakula kwa mwili wake wote. Nyasi bahari ni mmea kamili wenye majani, maua, mbegu, mizizi, na shina linalotambaa chini ya mchanga. Pwani ya Afrika Mashariki ina zaidi ya aina kumi za nyasi hizi. Humo ndimo tafi wanamolisha, changu wadogo wanamojificha, na wavuvi wengi wanamotega madema. Kasa na nguva huzila. Mizizi yake hushika mchanga usichukuliwe na mawimbi, na udongo ulioshikwa hivyo unaweza kuhifadhi kaboni kwa karne nyingi.

Tumeshapoteza nyingi. Mwaka 2009 watafiti walikadiria kuwa asilimia 29 ya eneo lililojulikana la nyasi bahari duniani lilikuwa limetoweka tangu 1879. Kwetu tunajua nini kinazing'oa: juya linalokokotwa chini, nanga inayotupwa popote, rafadha ya boti inayopita kwenye maji haba. Diani, wanyama wa miiba wa baharini (sea urchins) waliongezeka mno, wakala nyasi hata mchanga ukabaki mtupu. Watafiti wanahusisha ongezeko hilo na kuvuliwa kupita kiasi kwa samaki wanaowala wanyama hao, kama kikande.

Kurudisha kilichopotea si rahisi. Mwaka 2016 watafiti walikusanya matokeo ya majaribio 1,786 ya kupanda nyasi bahari kutoka sehemu mbalimbali za dunia, wakakuta kiwango cha kusalia ni kama asilimia 37 tu. Sababu ni nyingi: mawimbi, maji machafu, wanyama walao nyasi, mahali pasipofaa. Bahari hatuwezi kuiamrisha. Mikono yetu tunaweza.

Basi tuanze na kung'oa. Ukishika majani na kuvuta, majani yatakuja na mizizi itabaki chini. Piga magoti, ingiza vidole mchangani pembeni mwa mmea, vipitishe polepole mpaka uliguse shina linalotambaa. Lina pingili kama muwa, na mizizi hutokea kwenye pingili hizo. Lifuate kwa vidole, ondoa mchanga kidogo kidogo, kisha linyanyue lote kwa viganja viwili. Ukilazimika kukata, tumia kisu kikali na ukate mara moja, maana shina lililonyofolewa hubaki na jeraha kubwa. Kipande kiwe na pingili kadhaa na machipukizi zaidi ya moja. Ncha ya mbele, pale shina linaposonga mchangani, isiguswe kabisa: hapo ndipo mmea unapoongezeka. Ikivunjika, utapanda kitu kinachoweza kuishi muda lakini kisichotambaa. Na usivune sehemu moja ukaacha uwanda mtupu. Chukua kidogo hapa na kidogo pale, katika eneo lenye nyasi nyingi zenye afya.

Kisha safari. Mizizi hii haijawahi kuona jua wala upepo. Ukiiacha juu ya ngalawa wakati unazungumza na wenzako, inakauka na kufa huku majani yakiwa bado ya kijani, nawe utapanda ukidhani umepanda mche mzima. Iweke papo hapo kwenye ndoo au beseni lenye maji ya bahari, ifunike kwa gunia bichi, uibadilishie maji yakipata moto, na uipande siku hiyo hiyo. Maji ya bomba yasiiguse. Pakiwezekana, ng'oa mmea pamoja na bonge la mchanga wake, ili mizizi isiachane na udongo iliouzoea.

Kupanda nako kuna adabu yake. Shina lilale chini ya mchanga, mizizi ikielekea chini, na mahali majani yanapochipukia pabaki juu. Penye mawimbi, mche huhitaji kushikiliwa mpaka ujishike wenyewe. Magunia ya katani yaliyojazwa mchanga husaidia: tundu linatobolewa, mche unaingizwa, na gunia linaoza polepole mizizi ikishaenea. Plastiki haiozi hivyo, kwa hiyo tusiipeleke huko. Tena tuchague maji yanayopitisha mwanga. Majani yakipata mwanga hutengeneza oksijeni, na sehemu yake hushuka hadi kwenye mizizi, ikatoka na kupunguza sumu ya lile tope lenye harufu ya yai viza. Maji yakiwa na matope mengi, mizizi huzidiwa na sumu hiyo hata kama tuliipanda vizuri.

Tarehe 1 Machi ni Siku ya Nyasi Bahari Duniani, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2022. Tuiadhimishe kwa moyo wote, lakini tusipande kwa sababu tu wageni na kamera wamefika. Tupande pale bahari inaporuhusu, pepo zikitulia, na wale wanaoijua wakiwa nasi. Baada ya hapo turudi kuangalia. Idadi ya miche iliyopandwa si mafanikio. Mafanikio ni miche iliyoshika mizizi baada ya kusi kupita.

Na wahenga walituasa: usiache mbachao kwa msala upitao. Uwanda wa nyasi uliopo leo, uliojitandaza wenyewe kwa miaka mingi, ni bora kuliko wowote tutakaoupanda. Tuulinde huo kwanza.

Kwa hiyo nawaomba. Wavuvi, juya liachwe, na nanga itupwe kwenye mchanga mtupu. Wenye boti za watalii, fungeni kwenye maboya, na mwinue mashine maji yanapokuwa haba. Akina mama wakulima wa mwani, ninyi mnaoyajua maji hayo kuliko wengi wetu, chagueni mahali penye mchanga wazi pa kupigilia vigingi, ili nyasi zisilazimike kung'olewa. Walimu, wapelekeni wanafunzi ufuoni bamvua linapotoka, wauone mmea huu ulipo bila kuung'oa. Wafadhili, lipieni pia ziara za kukagua, si siku ya kupanda pekee. Na kikundi chochote kinachotaka kuanza kisichimbe hata mche mmoja kabla ya kuzungumza na BMU au kamati ya uvuvi ya kijiji, na watafiti wa bahari walio karibu, wawe wa KMFRI kule Kenya au wa Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Zanzibar.

Anza na hatua moja wiki hii: muulize mvuvi mmoja wa kijijini kwako ni wapi nyasi bahari zilizobaki, kisha ukae na wenzako mpange namna ya kuzilinda. Ikifika siku ya kupanda, fanyeni kazi taratibu. Heri miche kumi yenye mizizi mizima kuliko elfu iliyonyofolewa.