Bawabu Asiyemtii Mwenye Nyumba

Mtu anunuapo nyumba hudai funguo zake zote. Akinyimwa ufunguo wa mlango mmoja huuliza sababu, na asiporidhika na jibu huzuia fedha zake. Lakini watu hao hao, wenye hadhari kubwa katika ununuzi wa nyumba, hununua seva kwa mamilioni ya shilingi, wakaweka ndani yake matokeo ya mitihani, tasnifu za wanafunzi na hesabu za mishahara, wala wasiulize ni nani aliye na ufunguo wa mlango wa nyuma. Mlango huo umo katika seva karibu zote, na una bawabu wake.

Bawabu huyo ni kompyuta ndogo iliyopachikwa juu ya ubao mama wa seva. Ina kichakataji chake, kumbukumbu yake, programu yake, na mara nyingi tundu lake la waya wa mtandao. Huwa macho maadam waya wa umeme umechomekwa, hata seva yenyewe ikiwa imezimwa. Kazi yake ni kupima joto, kuchunga feni, kuandika daftari la hitilafu, kuwasha na kuzima seva, na kumwonyesha fundi aliye mbali yote ambayo angeyaona kama angesimama mbele ya mtambo. Utumishi huo ni mwema, na hapana mwenye akili atakayeulaumu. Kinachostahili lawama ni siri. Katika seva nyingi programu inayomwongoza bawabu ni mali ya mtengenezaji peke yake. Mnunuzi haruhusiwi kuisoma, kuipima wala kuirekebisha.

Watetezi wa siri husema kuwa mwizi asiyejua jinsi mlango ulivyojengwa hawezi kuuvunja. Maneno hayo ni matamu masikioni, lakini mambo yaliyotukia huyakanusha. Mwaka 2017 ilijulikana kuwa bawabu wa seva za Hewlett Packard Enterprise aitwaye iLO 4 aliweza kulaghaiwa kwa herufi A 29 zilizopangwa mfululizo. Aliyezipeleka mahali pake aliingia bila ya nenosiri. Marekebisho yalitolewa, lakini mlango ulikuwa umesimama hivyo huku wenye nyumba wamelala. Machi 2025 ilitangazwa kasoro nyingine katika MegaRAC, programu ya kampuni ya AMI ambayo hutumiwa na watengenezaji wengi wa seva. Ilipewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali, na Juni mwaka huo huo idara ya serikali ya Marekani ya usalama wa mitandao iliitia katika orodha ya kasoro ambazo wavunjaji wamekwisha kuzitumia. Siri haikumzuia mwizi. Ilimzuia mwenye mali. Mficha maradhi kifo humwumbua.

Huenda mtu akajibu kuwa programu huria nazo zina kasoro. Ni kweli, wala ukweli huo haufai kufichwa. Januari 2019 ilitangazwa kasoro katika chipu za ASPEED ambazo mabawabu wengi wamejengwa juu yake: programu iliyo ndani ya seva iliweza kusoma na kuandika kumbukumbu ya bawabu. OpenBMC, iliyo programu huria, iliguswa pia. Lakini kasoro hiyo ilifichuliwa na watu wa kazi hiyo hiyo ya programu huria, na marekebisho yakawekwa mahali ambapo kila mtu aliweza kuyasoma na kuyapima. Hapana programu isiyougua. Tofauti ni kati ya mgonjwa anayekubali kupimwa na mgonjwa anayemfungia tabibu mlango.

Ubora wa uwazi huonekana zaidi siku ya matengenezo. Chukua mfano wa kawaida: seva inafanya kazi, lakini bawabu wake haitiki mtandaoni. Mtu asiyejua hupiga simu kwa muuzaji, na haikosi akashauriwa kununua ubao mama mpya. Fundi mwenye ipmitool, programu huria isiyouzwa, huingia katika seva yenyewe akasema na bawabu kwa njia ya ndani, isiyohitaji mtandao wala nenosiri la bawabu. Kwanza humwuliza kama yu hai. Pili hutazama anwani yake, kwani huenda imepotea ikawa sifuri tupu, au bawabu amehama kutoka tundu lake mwenyewe kwenda tundu analoshiriki na seva. Tatu husoma daftari la matukio. Mwisho humwamuru bawabu aanze upya peke yake, na kwa kawaida seva huendelea na kazi bila ya kukatizwa. Hilo lisipofaa, huzima seva na kuchomoa nyaya zote za umeme kwa muda, maana aliyezima seva tu hakumzima bawabu. Mara nyingi ubao mama uliohukumiwa kufa hufufuka bila ya gharama.

Lakini fundi huyo huzungumza na bawabu tu. Hawezi kumbadili tabia. Seva nyingi za zamani zilionyesha kioo chao kwa njia ya Java ndani ya kivinjari. Mwaka 2017 Firefox iliacha kuipokea Java hiyo, na mwaka 2018 Java yenyewe, katika toleo lake la 11, iliiondoa Web Start iliyokuwa njia ya pili. Basi mitambo mizima ikawa na mabawabu mabubu. Kama matini ya programu yake ingalikuwa wazi, mtu yeyote mwenye ujuzi angaliweza kuyapa ulimi mpya. Kwa kuwa imefungwa, mwenye seva huambiwa anunue nyingine.

Husemwa tena kuwa vyuo vya Afrika ya Mashariki havina wataalamu wa kusoma programu za namna hiyo. Hoja hii hujizunguka kama punda wa kinu. Mtaalamu hupatikana kwa kusoma, na matini iliyofungwa haisomeki. Hapana mwalimu wa fasihi atakayekubali kufundisha diwani ambayo wanafunzi wake wamekatazwa kuifungua; kwa nini basi mwalimu wa kompyuta aridhike na hali hiyo? Tena wakubwa wa kazi hii hawakuridhika. OpenBMC ilianzia kwa wahandisi wa Facebook mwaka 2014, waliochoka kungoja watengenezaji. Mwaka 2018 ikawekwa chini ya Linux Foundation, na Google, IBM, Intel na Microsoft wakashiriki. Matajiri hao wamekataa kulala katika nyumba ambayo bawabu wake hawamjui. Ni ajabu maskini akiambiwa kuwa yeye hana haja ya kumjua wake.

Ni lazima kukiri kuwa OpenBMC haiwezi kutiwa katika kila seva. Huhitaji kutayarishwa kwa kila aina ya ubao, na baadhi ya watengenezaji hufunga chipu zao zisipokee programu isiyo na sahihi yao. Kwa sababu hiyo vita vya jambo hili hupiganwa siku ya kununua. Baada ya malipo ni majuto. Chuo kikitangaza zabuni na kiulize: Je, bawabu anaifuata kanuni ya Redfish iliyotolewa mwaka 2015, au bado anategemea IPMI ya mwaka 2004 ambayo humpa mgeni alama iliyotokana na nenosiri kabla ya kumthibitisha? Je, matini ya programu yake husomeka? Je, mwenye seva anaweza kutia programu yake mwenyewe? Je, marekebisho yatatolewa kwa miaka mingapi? Asiyejibu maswali haya anauza nusu ya mtambo kwa bei ya mtambo mzima.

Na seva zilizokwisha nunuliwa zisiachwe hivi hivi. Bawabu awekwe katika mtandao wake wa peke yake, asionekane kamwe katika intaneti, na nenosiri alilokuja nalo kutoka kiwandani libadilishwe siku ya kwanza. Hiyo ni hadhari ya mpangaji, nayo ni njema. Lakini chuo kinachohifadhi elimu ya vijana elfu nyingi hakistahili kuwa mpangaji katika mtambo wake chenyewe. Kimelipa bei ya nyumba. Na kidai funguo zote.