Tahadhari ya mjini haitoshi Kinampanda

Maradhi ya kuambukiza yanapozuka, matangazo mengi humlenga mtu wa mjini: epuka msongamano, kaa mbali na usiyemjua. Abiria aliyebanana ndani ya basi la mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni huelewa mara moja. Hukutana na mamia ya watu asiowajua, kisha kila mmoja hushika njia yake.

Kinampanda, wilayani Iramba, hali ni nyingine. Mtu hukutana na wachache, lakini ni walewale, tena kwa muda mrefu. Mgonjwa huuguzwa na bibi, shangazi na wajukuu. Msiba ukitokea, majirani hushinda na kulala hapo, wakinawa katika beseni moja na kula sinia moja. Wanafunzi wa chuo cha ualimu cha hapo nao, kila wanapofungua chuo, hukiunganisha kijiji na mikoa mingine.

Homa ya Marburg ilipozuka wilayani Bukoba mwaka 2023 na Biharamulo mwaka 2025, ilitukumbusha kwamba hatari kubwa ipo katika kuuguza na kuzika, si katika foleni ya basi pekee.

Tunazishauri Wizara ya Afya na Halmashauri ya Iramba ziandae maelekezo ya kijijini pamoja na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenyeviti wa vitongoji na viongozi wa dini. Maji tiririka na sabuni yawepo kila msibani. Mwanakijiji asiambiwe aache kumzika ndugu yake. Aelekezwe namna ya kumzika kwa usalama.