Mlima Hauhami

Wiki hii, msomaji mpendwa, tunakiri kosa letu wenyewe.

Tulipokuwa masomoni Glasgow, tuliichukua familia kwenda kupanda Ben Nevis, katika milima ya Uskoti. Ndio mlima mrefu kuliko yote Uingereza nzima, nao una mita 1,345. Sisi tuliokulia katika nchi ya Kilimanjaro, yenye mita 5,895, tuliucheka. Mwanetu wa miaka 11 tukamvika suruali ya jinzi na sweta ya pamba. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Hatukuzingatia kwamba njia yake huanzia karibu na usawa wa bahari, hivyo takriban kimo chote hupandwa kwa miguu, na kurudi ni siku hiyo hiyo. Njia hiyo ilitengenezwa mwaka 1883 kwa ajili ya kituo cha hali ya hewa kilichofanya kazi kileleni hadi 1904. Baada ya ziwa dogo lililo karibu na nusu ya safari, hujipindapinda juu ya mawe matupu. Chini tuliacha jua la Agosti. Juu tukakuta ukungu, upepo na mvua. Nguo ya pamba ikilowa huunyang'anya mwili joto lake.

"Baba, sivisikii vidole vyangu," alisema mwanetu. Tukamjibu kuwa kilele ki karibu, ilhali hatukukiona. Tulikuwa tukiwaza nauli tuliyolipa na picha tulizowaahidi ndugu.

Punde akaacha kulalamika, nasi tukadhani amezoea. Kumbe alikuwa akijikwaa, na maneno yakimtoka kwa shida. Mama yake akamvua sweta, akamvika koti lake mwenyewe, kisha akatugeukia: "Baba watoto, mlima hauhami. Turudi."

Tukarudi. Baadaye tulifahamu kuwa kileleni njia hupita karibu na magenge marefu ya upande wa kaskazini, na penye ukungu watu huongozwa na ramani na dira. Sisi hatukuwa na hata kimoja.

Mzazi aendaye mlimani na achukue nguo za sufu na koti la mvua kwa kila mtoto, aseme na wenyeji kuhusu hali ya hewa, na apange saa ya kugeuka kabla hajaondoka. Mtoto wa baridi akinyamaza, asidhani amezoea.

Ndugu wangali wakiuliza picha ya kileleni. Mwanetu huwajibu mwenyewe kwamba mama ndiye aliyeturudisha.