Fimbo Haimnyamazishi Mbwa Aliyeachwa Peke Yake

Katika mtaa wa Mapendo, hapa Goma, nyumba zimebanana. Ukuta wa mbao wa jirani ndio ukuta wako, na mbwa akibweka katika palseli (kiwanja) moja, avenyu nzima haipumziki. Asubuhi mwenye nyumba anamfunga mbwa mnyororo, anafunga lango, anatoka kutafuta riziki. Mbwa anabweka, analia, anakwaruza mbao mpaka sauti inakauka. Jioni majirani wanalalamika, naye mwenye mbwa anachukua fimbo. Wote wanaridhika kwamba mnyama amefundishwa. Hajafundishwa kitu. Ameteswa bure, na kesho atabweka zaidi.

Imani kwamba fimbo hufundisha inategemea jambo moja, kwamba mbwa anajua kwa nini anapigwa. "Ona, Papa, anajua kosa lake, ameinamisha kichwa!" Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alilipima hilo. Wenye mbwa waliwakataza mbwa wao kula kipande cha chakula, wakatoka chumbani, kisha wakaambiwa mbwa ametii au hakutii, mara nyingine kinyume cha ukweli, na walioambiwa hakutii wakamgombeza. Mbwa waliogombezwa walionyesha sura ya kosa, wawe wamekula au hawakula. Walioionyesha zaidi ni wale waliogombezwa bila hatia. Kichwa kinachoinama, basi, si ungamo. Mbwa amekuona umekasirika, anaogopa.

Kelele za asubuhi na kipigo cha jioni haviungani kichwani mwake. Anachounganisha na fimbo ni kile kilicho mbele yake wakati huo, yaani wewe unayeingia langoni. Tangu hapo kuondoka kwako kunamtia hofu, na kurudi kwako kunamtia hofu pia.

Kabla ya kumhukumu, chunguza anabweka kwa nini. Yuko anayeona kila chukudu (kigari cha mbao) na kila mpita njia kwenye nyufa za uzio. Huyo mzibie nyufa. Yuko aliyechoshwa na mnyororo kwa kukosa la kufanya. Na yuko mwenye hofu ya kweli ya kuachwa: anaanza dakika chache tu baada ya lango kufungwa, anahema, anatoa mate, hata chakula alichoachiwa hakigusi. Kumpiga huyu ni kumpiga mtoto kwa sababu anaogopa giza.

Sisi wa Goma tungepaswa kuelewa hofu hiyo ya kuachwa haraka kuliko wengine. Alfajiri ya tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, mitaa kumi iliamriwa kuhama, Mapendo ikiwemo. Watu walitoka na walichoweza kubeba, wakaelekea Sake, Rutshuru na Gisenyi. Hakuna aliyetaka kuachwa nyuma siku ile.

Najua jibu la wengi: "Namfuga kwa ajili ya wezi, acha abweke." Hofu ya wezi wa usiku ina msingi, siidharau. Lakini mbwa anayebweka kutwa anawazoesha majirani kutosikia. Usiku mtu akiruka uzio kweli, nani atanyanyuka kitandani kwa sauti ambayo ameizoea tangu asubuhi? Mlinzi ni yule anayenyamaza mpaka pawe na jambo.

Dawa inataka subira. Mtembeze asubuhi kabla hujatoka, mpe mfupa au mabaki ya sambaza na fufu wakati unaondoka, na usimuage kwa maneno mengi. Siku za mwanzo toka dakika moja, urudi kabla hajaanza kubweka. Kesho dakika tatu, kisha kumi. Ukikuta amebweka, umekwenda haraka mno. Rudi nyuma hatua moja. Akiwa na chanjo ya kichaa cha mbwa na uzio ni mzima, mfungue mnyororo azunguke palseli. Kwa siku ndefu, mwombe mama jirani, anayeumia na kelele kuliko yeyote, amwangalie mara moja mchana na kumrushia kipande cha chakula. Amrushie akiwa kimya. Akibweka, asimpe kitu, wala asimtupie jiwe.