Kelele za Duka Moja, Hasara ya Bonde Zima

Uwanda wa Ufipa umeinuka baina ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Mnara wa simu uliosimamishwa ukingoni mwake huona mbali, na waweza kumhudumia hata mkulima aliye chini bondeni. Lakini mnara uonao mbali husikia mbali pia, na hapo ndipo penye neno letu la leo.

Maduka mengi ya Sumbawanga yameezekwa kwa mabati, na mabati huzuia mawimbi. Mwenye duka, akichoka kutoka nje kila apigapo simu, hununua kile chombo cha kuongezea mawimbi ambacho mafundi hukiita busta. Hatumlaumu, siku hizi fedha za wateja wake hupita katika simu. Walakini chombo hicho kikiwa hafifu, au eriali yake ya nje ikikaribiana na ile ya ndani, hujisikia chenyewe na kuanza kulia bila kukoma. Kila aliyehudhuria mkutano wa hadhara anajua kipaza sauti kinavyopiga yowe kikielekezwa kwenye spika yake. Busta hulia vivyo hivyo, ila kilio chake hakisikiki kwa sikio la mtu, husikika mnarani. Na mnara uliojaa kelele hauwezi kuzisikia simu za mbali, ambazo mawimbi yake huufikia yakiwa dhaifu mno. Mwenye duka huzungumza vizuri. Mkulima wa bondeni, anayengoja malipo ya mahindi yake, ndiye akatikaye kwanza, wala haambiwi sababu.

Busta si mkosaji pekee. Zipo simu za mezani zisizo na waya, zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani, zitumiazo masafa ya megahezi 1920 hadi 1930. Huko kwao ni halali kabisa. Kwetu masafa hayo ni mwanzo wa njia ambayo simu za 3G hutumia kuuitikia mnara. Mtu akiletewa zawadi ya namna hiyo na nduguye wa ng'ambo, atawaudhi jirani zake kwa moyo mweupe.

Sheria tunayo. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 imekataza kutumia masafa bila leseni, na Mamlaka ya Mawasiliano ina ofisi ya kanda mjini Mbeya. Lakini Mbeya ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Sumbawanga. Kumngoja mkaguzi mpaka malalamiko yarundikane ni kuchelewa.

Sisi twaona kwamba kampuni za simu ndizo za kwanza kujua, kwa kuwa mitambo yao huonyesha kelele zimepanda upande upi wa mnara. Basi zilazimishwe kutoa habari mara moja, na mafundi wao wapite mtaani pamoja na wakaguzi, wakizima chombo kimoja kimoja huku wakitazama kelele zikishuka. Aliyenunua bila kujua apewe muda wa kukiondoa. Faini imwangukie muuzaji aliyeingiza bidhaa isiyoidhinishwa. Na kampuni itakayomwondolea mwenye duka busta yake, haina budi kumletea mawimbi yanayopenya mpaka chini ya bati lake, japo kwa mnara mdogo wa pale sokoni. Bila hivyo atanunua nyingine mwezi ujao.